Niliyaficha Maji Machafu ya Ulaya kwa Kitufe Kimoja

Mimi ni mtu mchafu. Naanza na hilo ili usije ukanionea huruma katikati ya habari, ukanisamehe kabla hujajua nilichofanya.

Nilikuwa nafanya kazi Kilosa mjini, kwenye kampuni moja iliyoshinda zabuni ya kusimamia mradi wa maji vijijini. Unajua mambo ya siku hizi. Kazi iliyokuwa ya serikali inapewa kampuni, kampuni inaripoti kwa wafadhili, na wafadhili wanataka kuona picha. Mimi ndiye niliyekuwa mtengeneza picha.

Picha zenyewe zilikuwa kwenye kompyuta. Dashibodi, ndivyo tulivyoziita. Ukurasa mmoja wenye ramani ya wilaya na chati mbili tatu pembeni. Kila kisima kilikuwa kitone. Cha kijani, maji safi. Chekundu, maji machafu. Ukifungua asubuhi unaona kote, Kisanga, Lumuma, Ulaya, Mikumi, kabla hujamaliza chai.

Matokeo yalitoka kwa watu wa kamati za maji huko vijijini. Walipewa vichupa vyenye dawa. Unatia maji ya kisima, unayaacha yakae, yakigeuka meusi ujue yana kinyesi. Ndiyo, kinyesi! Sitapamba maneno hapa. Mhusika anatuma ujumbe kwa simu, "safi" au "nyeusi", mfumo unapokea, kitone kinabadilika rangi chenyewe.

Kwa kata ya Ulaya (namaanisha Ulaya yetu, njiani kwenda Mikumi, siyo ile ya Wazungu) mpimaji alikuwa Mama Hadija. Mjane, mkulima wa mpunga na mahindi, anaongea taratibu kama mtu anayechambua mchele. Siku ya mafunzo alinifuata wenzake walipokwenda kula.

"Mwanangu, nikituma nyeusi, nani anaiona?"

"Wote, mama. Fundi wa maji wa wilaya anaiona, nesi wa zahanati anaiona, hata wakubwa wa mradi wanaiona."

"Basi vizuri. Maana huku nikisema mimi kwa mdomo wangu, wanasema huyu mwanamke anapenda makuu."

Nilimcheka kidogo. Nikamwambia kompyuta haina habari na makuu ya mtu.

Sasa sikiliza ujinga ulivyoanza.

Mfumo wetu ulikuwa umejaa takataka. Kila mtu ofisini akitaka chati yake anatengeneza dashibodi, anaisevu, anaisahau. Kulikuwa na "Hali ya Maji", "Hali ya Maji mpya", "Hali ya Maji mpya kabisa", na nyingine imeandikwa "Hali ya Maji USIFUTE". Nilikuwa nawadharau wenzangu kwa uchafu ule. Nikamwomba meneja niusafishe mfumo, na akanipa ruhusa mimi peke yangu ya kubadilisha na kufuta. Nikabakiza moja tu ya wote, "Hali ya Maji". Fundi wa wilaya, Bwana Shomari, alikuwa anaifungua hiyo kila mwanzo wa wiki ndipo anajua apeleke pikipiki na dawa ya kutibu maji upande gani. Zainabu, nesi wa zahanati ya Ulaya, alikuwa anaifungua kwenye simu yake. Zainabu alikuwa rafiki yangu. Tulisoma naye sekondari, tukalala kitanda kimoja bwenini.

Basi zikaja habari kuwa wageni wa wafadhili watakuja, na tutawapokea kwenye hoteli ya kitalii Mikumi. Ilikuwa baada ya mvua kubwa. Visima vya Ulaya vilikuwa vimeanza kuwa vyekundu, hasa kile cha karibu na shule.

Meneja akaja akasimama nyuma ya kiti changu. Akaitazama ramani kama mtu anayetazama shati lenye doa la mchuzi.

"Dada, hii Ulaya inatuharibia."

"Ndiyo matokeo yalivyo, bosi."

"Si nakataa. Lakini haya yamethibitishwa? Si kichupa tu cha mama wa kijijini? Tuoneshe yaliyothibitishwa. Wewe ni mtaalamu, utajua namna."

Hakunilazimisha! Nataka hili lieleweke. Hakunitishia kazi, hakunipa kitu. Aliniita mtaalamu tu, na mimi nikalewa.

Nikaweka kichujio. Kwa wasiojua, kichujio ni amri unayoipa ramani, kwamba hiki kioneshe, hiki usioneshe. Nikaiambia isioneshe majibu yote ya "nyeusi" ambayo hayajathibitishwa na maabara. Maabara yenyewe ilikuwa Morogoro, na majibu ya Ulaya hayakuwa yamepelekwa huko hata mara moja. Kwa hiyo nyeusi zote zikafichika, na kila kisima kikarudi kuonesha jibu lake la mwisho la "safi", la tangu kiangazi.

Ramani ikawa kijani tupu. Ikapendeza! Mungu anisamehe, niliitazama nikatabasamu.

Nilikusudia iwe nakala ya wageni tu. Niisevu kwa jina jingine, niioneshe Mikumi, basi. Lakini nilikuwa na haraka, gari lilikuwa linapiga honi nje. Nikabonyeza kusevu bila kubadilisha jina. Ile ya wageni ikakaa juu ya ile ya wote. Sikuona.

Mikumi tulikula. Tulikula mpaka aibu. Nyama za kila aina, matunda yaliyokatwa maua, na mezani kila mtu na chupa yake ya maji ya dukani, baridi inatiririka. Tukawa tunaongelea visima huku tunakunywa maji ya chupa, na hakuna aliyeona ajabu. Meneja akawasha projekta akasema, "Wageni wetu kutoka Ulaya, karibuni muione Ulaya ya kwetu." Wakacheka sana. Nami nikacheka. Wakapiga makofi kwa ramani yangu. Mama mmoja wa kigeni akanishika mkono akasema kazi yangu inaokoa maisha.

Nami nikaubana mkono wake, nikasema asante.

Wiki iliyofuata nilifungua "Hali ya Maji" ofisini, nikaona kijani. Nikafikiri visima vimetibiwa. Halafu nikaona kile kichujio, kimekaa juu ya ukurasa kama inzi kwenye chakula. Nikaelewa palepale kwamba Bwana Shomari ameona kijani asubuhi ile, na pikipiki imeelekea Lumuma.

Kukitoa ilikuwa kubonyeza mara moja! Kidole kilikuwa tayari.

Ndipo nikakumbuka meneja aliwatumia wageni kiungo cha dashibodi hiyo hiyo, na alikuwa ameniambia kwa fahari kwamba wanaifungua kila siku huko waliko. Nikikitoa, Ulaya yote itakuwa nyekundu ghafla mbele ya macho yao. Watauliza. Meneja ataulizwa. Nami nilikuwa nimeshasikia fununu kwamba nitapelekwa makao makuu Dar kwa sababu ya ramani ile.

Nikaondoa kidole. Nikajiambia nitakitoa wageni wakishaandika ripoti yao. Halafu nikajiambia nitakitoa barua ya cheo ikishatoka. Nikaenda kununua chapati.

Zainabu akanipigia.

"Shoga, mambo? Hebu niambie. Mashine yenu mbona inasema kisima chetu cha shuleni kizuri? Huku naletewa watoto wanaharisha."

"Watakuwa wamekula maembe mabichi."

"Wote? Na Mama Hadija anasema kichupa kinatoka cheusi kama lami."

Hapo ningeweza kusema. Alikuwa ni Zainabu, siyo bosi, siyo Mzungu. Ningesema, "Shoga nimeharibu, funga kisima." Angenitukana na angenifichia siri.

Nikasema, "Mfumo hauwezi kusema uongo, Zai. Huyo mama labda anapima vibaya. Au kichupa kimekwisha muda."

"Haya. Kama wewe ndiye unayesema." Akakata simu. Aliniamini! Aliacha kisima kikiwa wazi kwa sababu aliniamini.

Sitaeleza kuhara kule kulivyokuwa. Zainabu alinieleza baadaye, na kwa makusudi hakuacha kitu: magodoro, ndoo, harufu, nzi. Alikufa mtoto wa darasa la pili, Rehema, mtoto wa fundi baiskeli. Akafuata mzee mmoja aliyekuwa jirani wa kisima. Wakaja watu wa afya, wakafunga pampu kwa mnyororo, na watu wakaanza kuuliza ni nani aliyekuwa na kazi ya kupima maji yale.

Uliitishwa mkutano wa hadhara pale shuleni. Kampuni ikatakiwa kufika. Meneja akaniambia, "Beba kompyuta, uwaoneshe."

Tulikwenda na maji yetu ya chupa garini. Naomba ulikumbuke hilo.

Projekta iliwekwa ndani ya darasa, watu wamejazana mlangoni na madirishani. Meneja akaeleza kwa sauti ya upole kwamba kampuni inategemea taarifa kutoka kwa wanakijiji wenyewe. Akaniomba nioneshe taarifa za mwisho kutoka Ulaya. Kichujio kilikuwa bado kipo. Nikafungua jedwali la chini ya ramani, nalo linatii kichujio kile kile. Jina la Mama Hadija, na pembeni yake tarehe ya mwisho aliyotuma: ya kiangazi. Baada ya hapo patupu.

Watu wakaguna. Mwanamke mmoja akapiga kelele, "Alikuwa analala!"

Mama Hadija akasimama. Alikuwa ameishika simu yake juu, ile simu ndogo ya vitufe.

"Jamani, nilituma! Kila wiki nilituma! Ujumbe huu hapa, njooni msome. Nyeusi, nyeusi, nyeusi!"

Meneja akasema, "Mama, hatukulaumu. Ila kutuma siyo kufika. Mtandao wa huku mnaujua." Akanigeukia. "Mtaalamu, ujumbe wa mama ulifika?"

Mama Hadija akanitazama. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alinitazama kama mtu aliyemwona shahidi wake ameingia mahakamani.

Nikasema, "Hauonekani."

Ona ujanja wangu! Sikusema haukufika. Nilisema hauonekani, na kweli haukuonekana, kwa sababu niliuficha mimi. Nilikuwa nimeshaitayarisha sentensi ile njiani, garini, nikiipima kama nguo ya sikukuu.

Baba yake Rehema alimtemea mate Mama Hadija. Mbele ya watu wote. Yakamwangukia kwenye khanga, begani. Hakuyafuta. Aliendelea kunitazama mimi.

Jioni ile ile, tuliporudi Kilosa, niliifuta dashibodi. Mfumo ukauliza kama nina hakika. Nikajibu ndiyo. Nikatengeneza mpya isiyo na kichujio, na zile nyeusi zote za Ulaya zikatokeza kama vipele. Bwana Shomari alipouliza, nikamwambia zilichelewa kuingia kwa sababu ya mtandao. Akatikisa kichwa, akasema mtandao wa nchi hii utatuua. Hakuna aliyerudi Ulaya kuwaambia watu kwamba ujumbe wa yule mama ulikuwa umefika. Mimi nilipaswa.

Barua ya cheo ilitoka. Nikaisoma nikakimbilia chooni kutapika. Usinisifu kwa hilo, maana nilinawa mdomo nikaenda kumshukuru meneja. Nilikaa Dar miezi, nikirekebisha ramani za watu wengine, mpaka nikawa siwezi kuona rangi ya kijani kwenye kioo cha kompyuta bila kugeuza uso. Nikaacha kazi, nikarudi Kilosa kwa baba. Nikawaambia watu nataka kufanya biashara.

Zainabu ndiye aliyenipa habari kwamba Mama Hadija alikuwa ameondoka Ulaya. Watoto walikuwa wanamzomea njiani. Alihamia Mikumi kwa dada yake, anakaanga mihogo na samaki kando ya barabara kuu pale malori yanapolala. Nikamweleza Zainabu ukweli siku hiyo, kwa simu. Sikuwa nimepanga, ulinitoka tu. Hakupiga kelele. Alisema, "Nilimwambia mama Rehema maji hayana shida. Nilimwambia kwa mdomo wangu, kwa sababu yako." Tangu hapo namba yangu haipokelewi.

Nikaenda Mikumi.

Nilimkuta ameinama kwenye karai, moshi unamwingia machoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Akainua uso. Alinitambua mara moja.

Nikamweleza yote, pale pale, huku makondakta wanaita abiria na mafuta yanachemka. Nililia. Nilitaka kumshika miguu. Akanizuia kwa koleo la kugeuzia samaki.

"Usinilie hapa, wateja watadhani nimekupiga. Umesema umekuja kuniomba msamaha?"

"Ndiyo mama."

"Mimi sikuitwa mwongo nyuma ya karai. Niliitwa pale shuleni, watu wamejaa, na wewe umekaa kwenye kiti. Kama una msamaha, upeleke kule kule. Hapa usiniletee."

"Nitaupeleka, mama."

"Haya. Kwaheri."

Sikwenda. Wiki hii mvua, wiki ile nina homa, wiki nyingine nasikia mwenyekiti wa kijiji amesafiri. Nilikuwa na sababu nyingi, na zote nzuri.

Nikamwambia baba. Baba yangu ni mstaafu wa reli. Baba yake naye aliletwa Kilosa kukata mkonge, wakabaki. Ni mtu wa Kanisa, mkimya, na alikuwa na tabia ya kuwaambia watu sokoni kwamba binti yake anafanya kazi za kompyuta. Nilimwambia nikitegemea anifariji. Ndiyo, nilitaka kufarijiwa! Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza kitu kimoja tu.

"Huyo mama anauzia upande gani wa barabara?"

Nikamwelekeza. Nilidhani anataka kumpelekea pole.

Siku ya mkutano wa kijiji Ulaya, baba alivaa koti lake la ibada akapanda basi la asubuhi mpaka Mikumi. Akamwomba Mama Hadija aache karai lake kwa dada yake, wakarudi pamoja mpaka Ulaya. Yote haya niliambiwa na watu baadaye. Aliomba nafasi kwa mwenyekiti. Akasimama, mzee wa watu asiyejua hata kuwasha kompyuta, akawaambia wanakijiji wale: "Ujumbe wa huyu mama ulifika. Mwanangu aliuficha. Mwanangu wa kumzaa. Nimekuja kumsafisha huyu mama kwa sababu mchafu yuko nyumbani kwangu."

Mama Hadija aliuliza mbele ya wote, "Mwenyewe yuko wapi?"

Baba akasema, "Amebaki."

Halafu baba yake Rehema akasimama, akavuka watu, akaenda kumwomba radhi Mama Hadija akiwa amepiga magoti, na yule mama akamwinua. Kamati ikamrudishia kazi yake ya kupima maji. Siku hizi matokeo wanayaandika pia kwa chaki kwenye mlango wa zahanati, Zainabu ndiye anayeandika.

Baba alirudi jioni, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nilimpokea koti. Alinipa bila kunitazama. Tangu siku ile nikimwambia shikamoo anaitikia marahaba, maana ni mtu wa adabu, na baada ya hapo hakuna neno. Sokoni hasemi tena habari za kompyuta. Akiulizwa habari za binti yake, anajibu kwamba yupo.

Sasa wewe unayekaa mbele ya hizo ramani na chati, nisikilize mimi niliyeoza. Utaambiwa usafishe kidogo. Utaambiwa wageni wanakuja. Hutatishiwa, utasifiwa tu. Utajiambia ni nakala, ni ya muda, utairudisha kesho. Usiguse! Kama lazima uguse, ipe jina lake, iweke mbali na ile ambayo watu wanaitegemea, na ukigundua umekosea, paza sauti siku hiyo hiyo, hata kama chumba kizima kitakucheka. Kile kitone chekundu kinachokuchafulia picha, kuna mtu amekituma kwa simu yake ya vitufe akiamini kuna atakayekiona.

Aibu ya mbele ya wageni inakwisha wakipanda magari yao. Yangu ameibeba baba kwa basi, na mimi mpaka leo sijakanyaga Ulaya.